Poti ya Faiba Ikianza Kutoa Makosa

Siku ya kuwasha kiungo kipya cha faiba (kebo ya nyuzi za kioo inayobeba data kwa mwanga), kabla sijampigia mteja simu, huandika namba nne daftarini: mwanga unaotoka na mwanga unaoingia, kila upande. Bila namba hizo, makosa yakitokea mwakani hutajua kama faiba imeharibika au ilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Kwenye swichi ya Cisco amri ni `show interfaces transceiver detail`. Kwenye MikroTik ni `/interface ethernet monitor sfp1 once`, na kwenye seva ya Linux ni `ethtool -m` na jina la poti. Tafuta Tx (mwanga unaorushwa) na Rx (unaopokewa), zikiwa kwa dBm, kipimo cha nguvu ya mwanga. Sifuri ni miliwati 1. Zikipungua desibeli 3 umebaki na nusu ya mwanga, zikipungua 10 umebaki na moja ya kumi.

Halafu piga hesabu. Nina kiungo Mombasa, kutoka kisiwani hadi Changamwe: kebo ya kilomita 8, moduli (vifaa vya kwenye poti vinavyorusha na kupokea mwanga) za aina ya LX za gigabiti 1, mwanga wa nanomita 1310. Kisiwani tunarusha −6. Kila kilomita hula kama desibeli 0.35, jumla 2.8. Koneka nne, nusu desibeli kila moja, ni 2. Maungio manne ya kuchomelea, 0.1 kila moja, ni 0.4. Changamwe nilitarajia −11.2, nikasoma −11.5. LX hutakiwa kupokea vizuri mpaka −19, kwa hiyo nafasi ipo tele.

Hakikisha autonegoshieni (poti kukubaliana zenyewe jinsi ya kuwasiliana) na MTU (ukubwa wa juu wa kifurushi cha data) zinafanana pande zote mbili, andika `description` inayosema kebo inakwenda wapi, kisha `clear counters`, irudishe hesabu za makosa sifuri. Usisahau hiyo ya mwisho: kuchomeka na kuchomoa peke yake huzalisha makosa, na makosa 4,000 yasiyojulikana yalianza lini hayakwambii kitu. Baada ya hapo acha programu ya kufuatilia mtandao kama Zabbix au LibreNMS isome makosa na Rx kila dakika 5. Mimi huweka kengele ilie Rx ikishuka desibeli 3 chini ya namba ya daftarini, sisubiri ifike −19.

Makosa ya CRC (data iliyofika ikiwa imeharibika) huhesabiwa na anayepokea. Yakionekana Changamwe, washukiwa ni moduli ya Changamwe, uzi ule mmoja unaoleta mwanga huko, au mrushaji wa kisiwani. Rx ikiwa nzuri na makosa yapo, angalia pia swichi zinazopitisha fremu (kifurushi cha data) kabla hazijaisoma yote. Huenda uchafu umetoka mbali nyuma.

Sasa kisa cha kiungo hichohicho. Makosa yalipanda Changamwe, Rx −20.9, upande wa pili shwari kabisa. Nikaenda, nikafungua kabati, nikapima: −11.5. Nikasafisha koneka kwa kalamu ya kusafishia (uzi ukiwa umezimwa upande wa pili, mwanga huo hauonekani lakini jicho unaweza kuliumiza), nikafunga, nikaondoka nikijiona fundi. Sijafika Makupa, kengele ikalia. Mara ya pili hivyohivyo. Nikaanza kuilaumu moduli, nikabadilisha, wapi!

Grafu ndiyo iliyoniumbua. Rx ilipanda nilipofika na kushuka nilipoondoka, kwa ngazi kali kama ya swichi ya taa. Mlango wa kabati ulikuwa unaubana uzi mmoja wa pachikodi (kebo fupi ya kuunganishia) kwenye bawaba. Kila nilipoufungua kutafuta tatizo, tatizo liliondoka. Uzi ule ulikuwa wa kupokea, ndiyo maana upande mmoja tu uliumia.

Nilibadilisha pachikodi, nikaizungusha mbali na bawaba kwa duara pana, nikaifunga kwa mkanda wa kunata badala ya kamba ya plastiki inayokaba. Nikafunga mlango, nikasimama juani dakika kumi simu mkononi, nikiangalia Rx ikikaa pale −11.4.