Kuhamisha databesi ya vCenter bila kupoteza historia

Niliifanya kazi hii Jumamosi usiku hapa Dodoma, ofisi za Mtumba zikiwa zimefungwa. Ni vCenter 6.7 (programu ya VMware ya kusimamia mashine pepe) ya Windows yenye databesi ya SQL Server, kuanzia 7.0 toleo la Windows halipo tena.

Kwanza simamisha huduma ya vCenter. Usiogope, mashine pepe zinaendelea na kazi kwenye ESXi, mfumo unaoziendesha. Chukua bakapu kamili, irejeshe kwenye seva mpya, kisha unganisha upya logini (akaunti ya kuingilia SQL Server) na mtumiaji wa databesi. DSN ya mfumo (mpangilio wa Windows unaoionyesha vCenter databesi ilipo), ile ya biti 64, ielekeze seva mpya. Nenosiri la databesi likibadilika, endesha vpxd.exe -p ili kuipa vCenter nenosiri jipya. Washa huduma.

Wengi hujikwaa hapa, nami nilijikwaa: kazi za ratiba za SQL Server Agent hazimo kwenye bakapu hiyo, zinakaa msdb, databesi nyingine ya SQL Server yenyewe. Ndizo zinazojumlisha takwimu za siku kuwa za wiki na mwezi. Kila kitu kiliwaka vizuri, ila Jumatatu grafu ya wiki haikuwa na kitu tangu Jumamosi. Ziunde upya mapema, na hakikisha Agent inajiwasha yenyewe seva ikiwaka. Databesi ya zamani usiifute haraka. Mimi niliiacha wiki mbili.