Jinsi ya kucheza faro, kamari ya wachimba dhahabu wa California

Katika kambi za dhahabu za California baada ya 1849, meza iliyovuta watu ilikuwa ya faro. Unahitaji karata 52, kisanduku cha kugawia, na kitambaa chenye picha za karata 13 za shupaza. Mchezaji huweka dau juu ya picha. Aina ya karata (shupaza, kopa na kadhalika) haihesabiwi, ni cheo tu, kama saba au mfalme.

Mgawaji huondoa karata ya kwanza. Hiyo haina kazi. Kisha hutoa mbilimbili. Ya kwanza ni ya benki, yaani mwenye meza: dau lililo juu ya cheo chake hupotea. Ya pili ni ya mchezaji: dau lililo juu ya cheo chake hushinda, na malipo ni sawa na dau. Ukitaka kubashiri kwamba karata itashindwa, weka sarafu ya shaba juu ya dau lako.

Faida ya benki iko hapa: karata mbili zinazotoka pamoja zikiwa cheo kimoja, benki huchukua nusu ya dau. Kwa hiyo tazama ubao wa shanga unaoonyesha karata zilizokwisha kutoka. Ngoja hadi cheo kibaki na karata moja tu, ndipo uweke dau. Hapo haiwezekani kupoteza nusu. Zikibaki karata tatu za mwisho zenye vyeo tofauti, kubashiri mpangilio wa kutoka kwake hulipwa nne kwa moja, ilhali mipangilio ni sita. Uache.

Kagua kisanduku kwanza. Walaghai walikwaruza karata kwa msasa ili mbili zishikane na kutoka kama moja.