Maharage bila mafuta ya kukaangia, kwa kilichopo jikoni

Shangazi yangu ana presha na ameambiwa apunguze chumvi na mafuta. Alidhani maharage aliyoyazoea ndiyo basi tena. Tuliyapika pamoja hivi, na sufuria iliisha.

1. Loweka usiku. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mengine.

2. Chemsha, na nyanya zikae mbali. Hapa ndipo mkaa unapoteketea bure. Watu hutia kila kitu pamoja, halafu baada ya saa tatu maharage bado yana kiini kigumu. Asidi ya nyanya, ndimu au ukwaju huyazuia kulainika. Kwa hiyo visubiri mpaka uliminye harage kwa vidole viwili nalo lipondeke lote. Usijaribu moja tu. Chota matano, juu na chini ya sufuria, maana sokoni maharage mapya huchanganywa na ya zamani, na yaliyokaa sana kwenye joto na unyevu huchelewa kuiva hata uyaloweke vipi. Ukipata ya njano, chukua hayo, yanaiva upesi.

Magadi? Yanalainisha, ni kweli, lakini yana sodiamu, ile ile tunayoikimbia kwenye chumvi, na yanaharibu vitamini B1. Mimi siyatumii kabisa. Presha kuka inafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi. Yatokote kwa nguvu si chini ya dakika 10 kabla hujapunguza moto au kuyahamishia kwenye kikapu cha kuhifadhi joto.

3. Yaunge. Kitunguu, kitunguu saumu na tangawizi kwenye sufuria nzito, bila mafuta. Vikianza kushika chini, tia upawa mdogo wa maji ya maharage, koroga, vikikauka tia tena, hadi kitunguu kigeuke rangi. Sasa nyanya, kisha maharage.

Tui likiingia, mafuta hayana kazi, maana tui lenyewe ni mafuta. Kwa shangazi tulitumia tui la pili, lile jepesi. Nazi hakuna? Koroga karanga za kusaga kwa maji ya uvuguvugu, umimine. Karoti, hoho, bilinganya, majani ya maboga: chochote kilichopo kinaingia, majani yakiwa ya mwisho.

4. Chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni kwa milo yote. Viungo vya mchemraba vimejaa chumvi, viache dukani. Tia bizari na pilipili manga, epua, kamulia ndimu, onja, ndipo uongeze chumvi kidogo ikihitajika. Mara nyingi ndimu inatosha.

Yakibaki, kesho yaponde kidogo ule na chapati ya unga wa atta. Kama yalikuwa na tui, yaweke kwenye friji mapema, yanachacha haraka.