Kuchagua spika za TV ya sebuleni: sauti ya mtangazaji kwanza, besi baadaye

TV za siku hizi zina picha nzuri na sauti mbovu, na sababu iko kwenye umbo lake. Spika inahitaji nafasi nyuma yake ili isukume hewa, na ndani ya boksi lenye unene wa sentimita chache nafasi hiyo haipo. Watengenezaji huzificha spika ndogo chini au nyuma ya TV, kwa hiyo sauti hugonga meza au ukuta kabla ya kukufikia. TV za zamani za kichogo nyingi zilikuwa na spika zinazomtazama mtu. Ndiyo maana taarifa ya habari ilisikika hata kwa aliyekuwa jikoni.

Kazi yangu ni kufunga TV na muziki majumbani hapa Dar es Salaam, na malalamiko ninayoyasikia zaidi hayahusu besi. Watu husema, "Muziki nausikia, ila maneno siyapati." Kisha wanakwenda dukani na kurudi na sabufa yenye besi ya kutikisa madirisha, na maneno yanazidi kupotea. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo moja: chagua kifaa kitakachokupa maneno ya mtu anayezungumza, halafu mengine yafuate.

Inafaa ujue kwa nini. Kinachotofautisha neno na neno ni konsonanti kama s, sh, f, t na k, na hizo zinakaa kwenye sauti nyembamba, takriban Hz 2,000 (mitetemo 2,000 kwa sekunde) kwenda juu. Besi ya sabufa iko chini ya Hz 120 hivi. Mtu anapozeeka, masikio yake hupoteza kwanza zile sauti nyembamba. Kwa hiyo baba au bibi anapoomba TV iongezwe, anazitafuta konsonanti, na ukimwongezea besi umemwongezea mzigo. Ukinunua spika kwa ajili ya nyumba yenye wazee, hili lipe uzito kuliko kitu kingine chochote.

Hatua ya 1: Pima sebule kabla ya kutoa pesa

Chukua futi kamba. Pima upana, urefu, na umbali kutoka kwenye TV hadi kochi linalokaliwa zaidi. Kisha simama katikati ya chumba upige kofi moja kali. Ukisikia mlio unaofuata, kama "tiing" fupi, chumba chako kina mwangwi. Sebule zetu nyingi ni hivyo: chini marumaru, juu jipsamu, kuta za saruji, madirisha makubwa ya vioo. Sauti inaruka huku na huko, na silabi ya kwanza inaifunika ya pili.

Zulia nene kati ya TV na kochi, pazia zito, makochi ya kitambaa na kabati la vitabu vinasaidia sana. Nimefunga saundiba, zile spika ndefu za boksi moja zinazokaa chini ya TV, za bei nzuri kwenye vyumba vitupu zikasikika kama ziko bafuni, na za bei ndogo kwenye vyumba vyenye mazulia zikapendeza. Kama bajeti ni finyu, nunua zulia kwanza.

Angalia pia majirani. Ukuta wa tofali huzuia sauti nyembamba, lakini besi hupita. Ukiishi kwenye nyumba ya kupanga yenye ukuta wa pamoja, au ghorofani, sabufa kubwa itakuletea ugomvi hata kama wewe mwenyewe unaona umepunguza.

Hatua ya 2: Soma nyuma ya TV

Watu wengi huruka hatua hii na kununua kitu kisichoungana na TV yao. Washa tochi ya simu utazame matundu.

Ukiona HDMI yenye maandishi ARC au eARC, una bahati. ARC ilikuja mwaka 2009 pamoja na HDMI 1.4. Waya mmoja unarudisha sauti kutoka kwenye TV kwenda kwenye spika, na rimoti ya TV inaongeza na kupunguza sauti ya spika. eARC inabeba sauti nzito zaidi zisizobanwa, lakini kwa king'amuzi, YouTube na filamu za intaneti ARC ya kawaida inakutosha. Kwa kawaida inabidi uwashe CEC kwenye menyu, yaani mpangilio unaoruhusu rimoti moja kuamrisha vifaa vilivyoungwa kwa HDMI. Samsung wanaiita Anynet+, LG wanaiita Simplink, na Sony wanaiita Bravia Sync.

Kama hakuna ARC, tafuta tundu dogo la mraba lenye kifuniko, lililoandikwa Optical. Hili hupitisha sauti kwa mwanga, nalo linatosha kwa stereo au kwa sauti ya njia sita iliyobanwa. Yapo pia matundu ya hedifoni ya milimita 3.5.

Tahadhari moja: pini za rangi ya njano, nyeupe na nyekundu kwenye TV nyingi ni za kuingiza tu. Ukichomeka sabufa hapo hutapata kitu. Kama TV yako ina Optical na sabufa yako ina pini za rangi, utahitaji kibadilishi kidogo cha kugeuza mwanga kuwa sauti ya kawaida. Vinauzwa kwenye maduka mengi ya vifaa vya umeme Kariakoo.

Bluetooth iache iwe njia ya mwisho. Sauti yake huchelewa, na mdomo wa mtangazaji utafunga kabla neno halijafika.

Hatua ya 3: Chagua aina

Namba kama 2.1 au 5.1 zinasomeka hivi: namba ya kwanza ni idadi ya spika za kawaida, ya pili ni spika ya besi. Kwa hiyo 3.1 ina kushoto, kulia, kati, na besi. Hiyo ya kati ndiyo iliyotengwa kubeba mazungumzo, na kwa mtu anayelalamikia maneno ndiyo ninayoipendekeza.

Saundiba ya 3.1 inafaa sebule nyingi za ukubwa wa mita 4 kwa 4 au 4 kwa 5. Waya mmoja, nafasi ndogo, kazi imekwisha. Ubaya wake ni matengenezo: ikiungua bodi, vipuri hupatikana kwa shida.

Sabufa zetu za kawaida, zile za boksi moja kubwa na spika ndogo mbili au nne, zina heshima yao. Zina redio, sehemu ya flashi, na fundi wa mtaani anaweza kubadilisha aisii, transfoma au spika kwa gharama ndogo. Udhaifu wake uko katikati. Boksi kubwa limetengenezwa kwa besi, zile ndogo zina koni ya inchi tatu au chini ya hapo, na sauti ya mwanaume inaangukia kwenye pengo lililo kati yake. Ukiamua kununua sabufa, chagua yenye spika za pembeni kubwa kadiri unavyoweza kupata, na boksi la mbao kuliko la plastiki.

Chaguo ninalolipenda mwenyewe, na ambalo watu hulisahau, ni spika mbili nzuri za mbao na amplifaya ndogo ya stereo. Zikikaa sawasawa pande mbili za TV, maneno yanatoka katikati ya kioo utadhani kuna spika hapo. Muziki wake hauna mfano, iwe taarabu au Bongo Fleva. Spika za namna hiyo hudumu miaka mingi, na amplifaya ikifa unabadilisha amplifaya peke yake.

Risiva kamili ya 5.1, yaani amplifaya kubwa yenye spika za mbele, kati, nyuma na besi, iache kwa mwenye sebule inayoruhusu. Spika za nyuma zinatakiwa ziwe pembeni na nyuma kidogo ya msikilizaji, nyuzi 100 hadi 120 kutoka mbele. Kochi lako likigusa ukuta wa nyuma, huna pa kuziweka, na nyaya zitapita mlangoni watoto wajikwae. Saundiba za Atmos, teknolojia ya kuifanya sauti isikike kama inatoka juu yako, zinazorusha sauti juu zinategemea dari bapa ili irudi chini. Dari ya jipsamu yenye ngazi na maua, au paa la bati lisilo na dari, inaivuruga sauti hiyo, na pesa uliyolipia Atmos inapotea.

Hatua ya 4: Usinunue wati za kwenye boksi

Boksi linaandika "PMPO 10,000W". Namba hiyo haina kipimo kinachokubalika popote. Kila mtengenezaji anaitunga anavyotaka. Tafuta RMS, yaani wati ambazo kifaa kinatoa mfululizo. Isipokuwepo, geuza kifaa usome kibandiko cha nyuma panapoandikwa umeme kinaokula. Kikiandika 220–240V, 50Hz, 60W, basi usitegemee kifaa hicho kitoe muziki mfululizo wa zaidi ya wati 60, na sehemu ya hizo hugeuka joto.

Isitoshe, huhitaji nyingi. Spika ya kawaida hutoa takriban desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 87 kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Ukikaa mita 3 inashuka hadi 78 hivi. Ipe wati 10, inapanda hadi 88, na hiyo ni sauti inayokulazimisha upaze sauti ili uzungumze na aliye kando yako. Kutoka wati 50 kwenda 100 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo ambayo sikio huitambua kwa shida. Wati 20 hadi 30 za RMS kila upande zinatosheleza sebule ya familia.

Hatua ya 5: Jaribu dukani kwa flashi yako mwenyewe

Nenda asubuhi, kabla duka la jirani halijawasha muziki wake. Beba flashi yenye vitu vitatu: dakika chache za mwanamke anayesoma habari, dakika chache za mwanaume anayezungumza, na wimbo mmoja unaoujua vizuri. Muuzaji atataka kukuwekea wimbo wake wenye besi. Mshukuru, kisha mwombe aweke wako.

Mwambie ashushe besi hadi sifuri na azime madoido yote ya sauti. Sikiliza kwa sauti ya chini, kiasi cha mazungumzo ya kawaida. Je, kila neno linakufikia? Herufi s inachoma sikio? Sauti ya mwanaume inatoka kama mtu aliyefunika mdomo? Sogea hatua mbili pembeni usikilize tena, kwa sababu si wote watakaa katikati ya kochi.

Ukilinganisha vifaa viwili, hakikisha vinapiga kwa ukubwa ule ule. Sikio hudhani kinachopiga zaidi ndicho kizuri, na wauzaji wanalijua hilo.

Mwisho, zima wimbo, ongeza sauti hadi juu, sikiliza kimya chake. Mngurumo wa "mmmm" ukiwa mkubwa kiasi cha kusikika ulipokaa, acha. Gonga boksi kwa kifundo cha kidole pia: likilia kama debe tupu, litalia na kwenye muziki.

Hatua ya 6: Mahali pa kuweka

Spika mbili ziwe usawa wa masikio ya aliyekaa. Umbali kati yake ukaribiane na umbali wa kutoka kila moja hadi kwako. Zitoe ndani ya kabati la TV. Kabati linageuka boksi la pili na kuongeza ukungu kwenye sauti. Saundiba isogeze hadi ukingo wa mbele wa meza, na isizibe jicho la rimoti la TV.

Spika ya besi inahitaji kutafutiwa mahali. Kuiweka pembe ya chumba kunaongeza besi, lakini mara nyingi besi hiyo inakuwa ya kuvuma. Fanya hivi: iweke spika hiyo juu ya kochi, mahali unapokaa, cheza wimbo wenye gitaa la besi, kisha tembea ukiwa umeinama kando ya ukuta wa TV. Pale utakaposikia kila noti kwa uwazi, bila moja kuvuma kuliko nyingine, ndipo pa kuiweka.

Hatua ya 7: Kuunga na kurekebisha

Kwenye menyu ya TV, chagua sauti itoke kwenye HDMI ARC au Optical na zima spika za TV. Ukitumia kile kibadilishi, weka aina ya sauti iwe PCM, yaani sauti isiyobanwa. Hapa ndipo simu nyingi za wateja hutokea: kibadilishi cha kawaida hakiifahamu Dolby Digital, ambayo ni sauti iliyobanwa, kwa hiyo TV ikiachwa kwenye Auto au Bitstream baadhi ya chaneli hukaa kimya kabisa, na mtu anadhani kimekufa.

Mdomo na neno visipolingana, tafuta mpangilio wa kuchelewesha sauti, kwenye TV au kwenye spika, urekebishe kidogo kidogo ukitazama mtu anayesoma habari. Kukiwa na chaguo la kugawa besi, yaani kuamua sauti za chini ya Hz ngapi ziende kwenye spika ya besi, anza na Hz 80 kwa spika kubwa, 120 kwa zile ndogo. Besi yenyewe ianzie sifuri. Ipandishe hadi uone umuhimu wake pale tu unapoizima.

Ukisikia mngurumo baada ya kuunga, chomeka TV, king'amuzi na spika kwenye soketi moja. Usipokoma, chomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi; ukikoma, umeme unazunguka kupitia dishi, na dawa yake ni kuhamia Optical, kwa kuwa mwanga haupitishi umeme.

Hatua ya 8: Umeme

Umeme wetu ni V 230. Kifaa kilicholetwa na ndugu kutoka Marekani huenda ni cha V 120 pekee. Kikichomekwa moja kwa moja kitaungua papo hapo. Soma kibandiko kwanza. Weka gadi inayosubiri dakika chache baada ya umeme kurudi, maana ule mshtuko wa kurudi ndio unaoua bodi nyingi. Mvua ya radi ikianza, chomoa plagi na pia waya wa dishi au antena. Watu huchomoa plagi wakauacha waya wa dishi, na radi hupita hapo hadi kwenye king'amuzi, ikaingia HDMI, ikamaliza TV na spika kwa pamoja.