Kusakinisha TeX Live yenye tlmgr yake kwenye Debian na Ubuntu

TeX Live ni mkusanyo wa programu na vifurushi vya LaTeX, mfumo wa kupanga na kuchapa nyaraka. Debian 12 ina TeX Live ya 2022, na Ubuntu 24.04 ina ya 2023. Kwa barua na ripoti za kawaida hizo zinatosha, acha zilivyo. Tabu huanza pale unapohitaji kifurushi kipya ukajaribu kukiongeza kwa tlmgr (meneja wa vifurushi wa TeX Live) iliyokuja na apt, meneja wa vifurushi wa mfumo. Hiyo hufanya kazi kwa hali ya mtumiaji tu: huandika ndani ya ~/texmf, na hukataa kabisa kuchukua vifurushi vya mwaka mwingine. Hata ukiingiza kwa mkono biblatex mpya (kifurushi cha marejeo), biber ya apt, programu inayoyapanga marejeo hayo, itabaki ya zamani, italalamika kuwa toleo la faili ya .bcf ambayo biblatex huiandikia silo inalolitarajia, na orodha ya marejeo haitatoka. Programu hizi mbili lazima ziende pamoja.

Kwa hiyo weka TeX Live nzima pembeni, chini ya /usr/local/texlive, mahali ambapo apt haigusi. Kila meneja abaki na faili zake.

Andaa saraka na uifanye iwe mali yako:

sudo apt install perl wget gnupg
sudo mkdir -p /usr/local/texlive
sudo chown $USER /usr/local/texlive

Gnupg si pambo. Ikiwepo, tlmgr huhakiki saini za hazina kabla ya kusakinisha. Kisha:

wget https://mirror.ctan.org/systems/texlive/tlnet/install-tl-unx.tar.gz
tar xzf install-tl-unx.tar.gz
cd install-tl-2*
perl ./install-tl --scheme=small --no-doc-install --no-src-install

Menyu ikitokea, bonyeza I. Ukiacha chaguo la scheme utapata seti kamili, ya GB kadhaa, na kwa anayelipia data kwa kifurushi cha simu hiyo ni gharama kubwa bila sababu. Seti ya small ina pdfLaTeX na XeLaTeX. Yanayobaki utayaongeza yakihitajika.

Ongeza mstari huu kwenye ~/.profile, ukiweka mwaka uliousakinisha:

export PATH=/usr/local/texlive/2025/bin/x86_64-linux:$PATH

Kwenye mashine za ARM za biti 64, sehemu ya mwisho ni aarch64-linux. Njia mpya itangulie $PATH, la sivyo programu za apt ndizo zitakazoitwa. Toka kwenye akaunti, ingia tena, kisha andika `type -a pdflatex`: jibu la kwanza liwe la /usr/local.

Sasa unaweza kufanya kazi:

tlmgr update --self --all
tlmgr install latexmk biblatex biber
tlmgr search --global --file siunitx.sty

Amri ya mwisho ndiyo utakayoitumia sana. LaTeX ikisema faili fulani ya .sty haipo, itakutajia kifurushi chenye faili hiyo, maana majina hayafanani kila mara.

Usitangulize sudo. Kwanza, sudo ina orodha yake ya njia, hivyo itasema tlmgr haipo. Pili, ukiilazimisha, faili zitakuwa za root na sasisho lijalo litakwama kwa kukosa ruhusa. Hilo likitokea, rudisha umiliki kwa `sudo chown -R $USER /usr/local/texlive`.

Kosa gumu kuligundua liko kwenye ~/texmf. Saraka hiyo husomwa na TeX Live zote mbili, na faili zake hupewa kipaumbele. Kama uliwahi kutumia tlmgr ya apt, vifurushi vya zamani vitaendelea kufunika vipya hata baada ya kusasisha. Andika `kpsewhich biblatex.sty`, ikikuonyesha njia ya nyumbani kwako, hamisha faili hizo.

Linabaki suala la apt. Ukisakinisha kihariri kama TeXstudio au Kile, apt inaweza kukuletea TeX Live yake tena. Tumia equivs kutengeneza kifurushi kitupu kitakachoifanya apt iamini kuwa TeX Live ipo tayari:

sudo apt install equivs
equivs-control texlive-local

Ndani ya faili hiyo weka Package: texlive-local, Version: 9999.99999999-1, na kwenye Provides taja texlive, texlive-base, texlive-binaries, texlive-latex-base, texlive-latex-recommended na mengine unayoyakuta. Usitaje libkpathsea6: hiyo ni maktaba halisi inayotumiwa na programu nyingine. Halafu:

equivs-build texlive-local
sudo dpkg -i texlive-local_9999.99999999-1_all.deb

Kama TeX Live ya apt ilikuwepo, iondoe baada ya hatua hii, si kabla, na utangulize `apt -s remove` uone kitakachong'oka.

Toleo jipya likitoka, tlmgr ya mwaka wa nyuma itakataa kusasisha. Sakinisha jipya kando ya la zamani, badilisha mwaka kwenye PATH, chapa upya nyaraka zako muhimu, na zikitoka sawa ndipo ufute saraka ya zamani. Mitindo yako mwenyewe ukiiweka /usr/local/texlive/texmf-local haitaguswa, kwani saraka hiyo iko nje ya zile za miaka.