Kabla Hujapanda Ndege Kwenda Kuuza Mzigo Norwe

Viza kwanza. Norwe imo kwenye Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja; unaruhusiwa kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180, na maombi unaruhusiwa kuyapeleka hadi miezi 6 kabla ya safari. Usikae mpaka zibaki wiki 2 ndiyo uanze kumpigia simu kila unayemjua. Bima ya safari iwe ya kufikia angalau yuro 30,000.

Lakini shika na hili: Norwe haimo kwenye Umoja wa Ulaya. Wananchi walipiga kura wakakataa, mara 2, mwaka 1972 na 1994. Wewe abiria hutaona tofauti. Mzigo wako ndio utaiona, kwa sababu mzigo uliokwisha kutolewa bandarini Rotterdam, Uholanzi, ndani ya Umoja huo, bado haujaingia Norwe. Forodha inaanza upya. Sisi Watanzania ushuru wetu ni sifuri, maana tumo kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni (leo orodha hiyo ina faida), ila lazima uthibitishe bidhaa imetoka wapi. VAT ya asilimia 25 iko palepale. Mkubaliane mapema na kwa maandishi nani atailipa.

Hela: kroni, si yuro. Noti hutazigusa sana, kila mtu analipa kwa kadi hadi kwenye kibanda cha soseji. Ijaribu kadi yako kabla hujaondoka na uwe na ya pili. Soketi zao ni za pini 2 za mviringo, kwa hiyo nunua adapta Kariakoo, Oslo itakuuma.

Saa. Hapa wengi wameumia. Majira ya baridi wako nyuma yetu kwa saa 2, majira ya joto kwa saa 1, na saa zao zinasogezwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Kama una kikao cha mtandaoni Jumatatu inayofuata, hesabu tena. Halafu Mnorwe akikutamkia "halv ti", yaani nusu ya kumi, usiandike saa kumi na nusu wala saa nne na nusu. Ni saa tatu na nusu asubuhi: kwao nusu inaelekea kwenye saa inayokuja. Mwombe aandike 09:30 kwa tarakimu mkamalizana. Tarehe nazo wanazitaja kwa namba za wiki za mwaka. "Tuonane wiki ya 34." Weka kalenda yenye namba hizo kwenye simu na usijifanye umeelewa.

Usiende Julai. Wiki 3 za mwisho za mwezi huo nchi nzima iko likizo, na barua pepe yako itajibiwa na mashine. Pasaka pia, tangu Alhamisi Kuu hadi Jumatatu, watu wako kwenye vibanda vyao milimani. Tarehe 17 Mei ni sikukuu ya katiba yao ya 1814, siku hiyo utaona magwaride ya watoto na bendera, biashara hakuna. Na siku za kawaida kazi inaisha saa 10 jioni. Ukiomba kikao cha saa 10 na nusu unamzuia mtu kumchukua mtoto wake chekechea, na mtu huyo anaweza kuwa mkurugenzi.

Sasa lile lililonigharimu.

Nilikwenda Oslo na sampuli za vikapu vya milulu vya Iringa, vile vyenye mfuniko, vinavyosukwa na kikundi cha akina mama ninachokiuzia. Mnunuzi alikuwa mama mmoja wa makamo, mzaliwa wa Tromsø, kaskazini kabisa. Tulikaa chumba cha vioo, thermosi ya kahawa katikati, kila mtu anajimiminia. Hakuna "habari za nyumbani", hakuna "safari ilikuwaje" zaidi ya sentensi moja. Akakigeuza kikapu, akakandamiza kitako kwa kidole gumba, akauliza bei kwa vikapu 600.

Nikasema dola 14.

Yule mama akavuta pumzi kwa ghafla, hhh, kama mtu aliyeunguzwa na sufuria. Kisha kimya. Anaangalia kikapu, haniangalii mimi.

Mimi nimekulia dukani. Mteja wa Kariakoo akiguna hivyo, halafu akanyamaza, ujue mguu mmoja uko nje. Nikawahi: "Lakini kwa mzigo wote, tunaweza kufanya 12 na nusu." Akaandika kitu. Akavuta pumzi tena, hhh. Kimya kingine, kirefu zaidi. Nasikia kipasha joto kinavuma ukutani. Jasho linanitoka na nje ni nyuzi 8 chini ya sifuri. "Bei ya mwisho kabisa, 11." Akainua kichwa, akaniangalia kwa mara ya kwanza kama anayejiuliza nina shida gani, akasema sawa.

Saa 9 na dakika 40 alasiri hiyohiyo muhtasari wa kikao ulikuwa kwenye barua pepe yangu. Vikapu 600, dola 11, tarehe ya kupakia, majina yetu wawili. Kwao huo si mwanzo wa mazungumzo. Mmeshakubaliana, kwisha.

Miezi 7 baadaye, tukiwa tumeshazoeana, aliniuliza kwa nini siku ile nilikuwa napunguza bei peke yangu. Ile pumzi, kumbe, ni "ja" yao, yaani ndiyo. Wanorwe wengi, hasa wa kaskazini, huitamka kwa kuvuta hewa ndani badala ya kuitoa. Alikuwa ananikubalia. Na ule ukimya? Alikuwa anapiga hesabu ya usafiri. Ile 14 ya mwanzo ilikuwa ndani ya bajeti yake.

Dola 3 mara 600. Nilirudi Iringa nikamweleza mama mwenyekiti wa kikundi, akanisikiliza huku mikono yake ikiendelea kusuka. "Mwanangu, kwani alikataa?" Hakukataa, mama. "Sasa ulipunguza kwa nini?" Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Kwa hiyo: taja bei, funga mdomo, mimina kahawa. Hesabu hadi 30 kimoyomoyo. Akitaka kupunguziwa atasema kwa maneno, tena bila kuzunguka. Na bei yako isiwe na ile nyongeza ya kupunguziwa, maana hawapatani hivyo. Ukishuka kwa theluthi moja wataona ulitaka kuwaibia.

Ukisema "hakuna shida", basi pasiwe na shida. Mzigo ukichelewa, mwambie siku ile unapojua wewe, na siku mpya uitaje. Habari mbaya wanazipokea vizuri kuliko tunavyodhani. Wasichokisamehe ni kufichwa.

Vyeo acha nyumbani. Jina la kwanza linatosha, hata kwa bosi. Ukijisifu sana wanaanza kukutilia shaka.

Bahasha wala usiifikirie, na hata zawadi kubwa kwa mnunuzi mmoja ni hatari kwake. Sheria yao ya rushwa inawafuata mpaka nje ya nchi: mwaka 2014 Yara, kampuni yao ileile ya mbolea tunayoijua hapa, ilitozwa kroni milioni 295 kwa rushwa zilizohusu Libya na India. Peleka kilo ya kahawa ya Mbinga, iweke jikoni kwa ofisi nzima. Kahawa wanaipenda kuliko sisi tunaoilima.

Chakula cha mchana ni saa tano na nusu, vipande vya mkate kutoka nyumbani, dakika 30. Usingoje kupelekwa pilau. Ukialikwa nyumbani kwa mtu fika dakika ileile, vua viatu mlangoni, na kagua soksi zako kabla hujatoka hotelini. Jumapili maduka mengi yamefungwa. Pombe ukiendesha gari, hata chupa moja, acha: kiwango chao ni sehemu 0.2 tu ya pombe kwa kila sehemu elfu moja za damu. Namba za dharura ni 110 zimamoto, 112 polisi, 113 gari la wagonjwa.

Na ukienda Desemba, jua la Oslo linachomoza kama saa 3 asubuhi na kuzama saa 9 alasiri. Sufu ndani, koti la upepo nje. Nunua zile njumu za kuvalisha juu ya viatu, wanaziita brodder, na uzivae kabla hujafungua mlango wa hoteli, kwa sababu watu huteleza pale kwenye ngazi. Hatua fupi, mikono nje ya mifuko.