Usingojee diplome njo uanze

Badogo ba L'shi (Lubumbashi), neno moja tu kabla vakansi haijaisha. Kama unajua kuchora, kuimba ao kufufua radio zenye zilikufa, usingojee diplome ya Leta (ile ya kumaliza sekondere) njo uanze. Chukua kaye (daftari) moja ya bei chini, kila jioni dakika 30 kisha devoire uweke kitu ndani, hata kibaya, na uandike tarehe. Tarehe njo ya maana sana juu kisha miezi mitatu utafungua kurasa za kwanza na utajichekelea mwenyewe, halafu utaona mkono ulishabadilika.

Kila mwezi chagua vitu bitatu na uonyeshe mtu mwenye anaifanya hiyo kazi kabisa, si mama tu (mama atasema yote ni mazuri, tunamjua). Muulize swali moja: hapa nitengeneze nini? Andika jibu, usibishane naye.

Na kongkuru (mashindano) ikitangazwa ku Halle de l'Étoile, ile santre ya kifaransa ya utamaduni hapa L'shi, ao kwingine, peleka jina hata kama unajiona hauko tayari, wakikukatalia utakuwa umepoteza nini, pesa ya bisi tu. Muone Sammy Baloji, msanii wa picha: alizaliwa humu humu Lubumbashi 1978, akasoma ku UNILU (Université ya Lubumbashi), na 2015 kazi yake ilionyeshwa ku Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa kule Italia.

Masomo nayo usiache eh, baba asikuje kunigombeza mimi. Mwonyeshe kwanza biletini yenye pointi nzuri, kisha hapo njo umuombe pesa ya rangi.